Mfuniko wa Mama Mimbarani

Sauti ilitangulia. Asubuhi hiyo ukungu wa Njombe ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyasi, ukungu wa aina ile ambayo ukinyoosha mkono unakiona kiwiko, na vidole unaamini tu kwamba vipo. Nilikuwa napanda njia ya mawe kutoka ofisini kwenda kanisa dogo la chuo, nimekumbatia karatasi za matangazo zikiwa bado na joto la mashine. Kutoka huko juu, mahali ambapo kanisa lilipaswa kuwa, spika ilisema kwa sauti nzito ya kiume:

"Mama yangu alikuwa anagonga mfuniko wa sufuria."

Nikasimama.

"Ukungu ukishuka na sisi watoto bado tuko msituni tunaokota kuni, mama alikuwa anatoka, anasimama mlangoni na mwiko, anagonga mfuniko. Ko, ko, ko. Hakutuita majina. Aligonga tu, mpaka wa mwisho wetu afike."

Huyo alikuwa mama yangu. Mfuniko ulikuwa wetu, mwepesi, umebonyea upande mmoja, na kishikio chake kilipokatika mama alifunga gunzi la muhindi kwa waya. Spika ikataja gunzi. Ikataja na waya. Kisha ikasema "marehemu mama yangu," na ndani ya ukungu nikasikia watu wa kanisani wakivuta pumzi kwa huruma. Mimi mwenyewe sikuwahi kuonewa huruma na watu wengi kiasi hicho.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya theolojia. Chuo chetu ni kidogo, kiko nje ya mji, kati ya msitu wa kupandwa na mashamba ya parachichi, na wanafunzi wake wengi ni wachungaji waliopewa ruhusa ya masomo na makanisa yao. Mimi sikuwa mchungaji. Nilikuwa mwandishi wa riwaya ambaye hajamaliza riwaya, nimekuja kusoma theolojia kwa sababu nilitaka kujua watu wanapata wapi ujasiri wa kusimama mbele ya wenzao na kusema "Mungu anasema." Darasani waliniita Mtunzi, kwa upendo na kwa kebehi, na vipimo vya hivyo viwili vilibadilika kila siku.

Katika somo la mahubiri tulikuwa na desturi moja. Kila mwanafunzi alipangiwa mwenzi. Kabla ya kuhubiri mbele ya darasa unamkabidhi mwenzi wako karatasi zako, anazisoma, anakuonyesha palipolegea, nawe unamfanyia hivyo hivyo. Mwenzi wangu alikuwa mchungaji wa miaka arobaini hivi kutoka mkoa wa mbali, mpole, nadhifu, mwenye sauti ambayo ingeweza kusoma orodha ya vifaa vya ujenzi na watu wakatoa machozi. Nilimpa kurasa nane za mwandiko wa mkono. Hazikuwa na nakala. Huo ndio ujinga wangu: jambo linalomhusu mama sikuweza kuliandika kwenye kompyuta.

Baada ya wiki moja akaniambia zimepotea. "Pole sana, Mtunzi. Nadhani nilizisahau kwenye basi." Alijilaumu mpaka mimi ndiye niliyembembeleza. Nikahubiri habari nyingine, habari kavu, nikapata alama za wastani.

Sasa nilikuwa nimesimama kwenye ukungu nikisikiliza hicho kilichosahaulika kwenye basi.

Niliingia kanisani wakati anafika kwenye sentensi ambayo ilinichukua siku tatu kuipata: "Mungu hatuondolei ukungu, anagonga." Mzee mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa anafuta miwani. Mwenzi wangu aliniona mlangoni. Hakushtuka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimiana na jirani, akaendelea kumzika mama yangu.

Kazi yangu pale chuoni ilikuwa kuandika matangazo na kuyasoma mwisho wa ibada. Kwa hiyo aliposhuka, nikapanda. Mimbari ilikuwa bado na joto la viganja vyake. Nikasoma kwamba wiki ya mahafali inakaribia. Kwamba Jumatatu tutapanda miti nyuma ya maktaba, kila mtu aje na jembe. Jumanne kuna mpira wa wavu, wachungaji dhidi ya wasio wachungaji. Jumatano jioni ya kwaya. Na kwamba Jumapili inayotangulia wiki hiyo wanafunzi watahudumu katika ibada ya wazee huko Makambako. Mhubiri wa mahafali yenyewe, nikasoma, atatangazwa baadaye. Nilijisikia kama mtu anayesoma mipango ya harusi huku nyumba yake inaungua.

Mwenzangu wa chumba, dada wa Iwawa kule Makete aliyedai kwamba baridi ya Njombe kwake ni kiangazi, alinifuata hadi hosteli.

"Kumbe mama yake alishafariki? Mbona juzi tu kamtumia ndizi za kukausha? Ziko jikoni kwetu, na mfuko umeandikwa kwa mkono wa mama mwenyewe, 'mwanangu ule vizuri.'"

Nikamweleza yote. Alikaa kitandani na sweta lake mikononi.

"Basi huyu bwana," akasema taratibu, "kamuua mama yake ili apate nafasi ya kumchukua wako."

Nikaenda kwa mkuu wa taaluma. Alikuwa mzee mwenye heshima, Mbena kama mimi, aliyekuwa ameifanya ofisi yake iwe na harufu ya chai ya tangawizi na vitabu vya zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono.

"Mahubiri hayana mwenyewe, binti yangu. Neno ni la Bwana."

"Neno ni la Bwana, Mwalimu, lakini sufuria ni ya kwetu."

Aliziba mdomo kuficha tabasamu, kisha akakumbuka cheo chake. "Una ushahidi?"

"Karatasi anazo yeye."

"Basi huna. Siku ukiwa nao, niletee."

Akamwita mwenzi wangu. Mwenzi wangu alikuja na uso wa mtu aliyeamshwa usingizini, akasema hana kinyongo, labda tumefanana malezi, akina mama wote wa vijijini wana sufuria. Mkuu wa taaluma akatusimamisha, akatushikanisha mikono, akaomba. Ombi lilikuwa refu na zuri. Liliomba upatanisho, liliomba unyenyekevu, na nilipofungua jicho moja niliona kwamba unyenyekevu huo ulikuwa unaombwa kwa upande wangu. Amina.

Kwa watu wa chuo kile, jambo likishaombewa limekwisha. Nimeona wachungaji wawili waliorushiana viatu wakiombewa asubuhi na mchana wanakula sahani moja. Ni desturi nzuri, na watu wengi wameponea humo. Kosa lake ni kwamba aliyekosa hutoka pale akiamini kwamba na aliyekosewa amesema amina kwa dhati. Tangu siku hiyo mwenzi wangu alianza kuniita "dada yangu". Aliazima kalamu yangu. Alinitunzia kiti karibu na jiko la mkaa kwenye chumba cha chakula.

Nilisomea msamaha muhula mzima. Niliandika insha ndefu juu yake na nikapata A. Kwa hiyo nasema nikijua ninachosema: sikumsamehe, na wala sikujaribu. Kila nilipomwona anacheka nilikuwa nafikiria mikono yake kwenye mimbari, na mama yangu ndani ya kinywa chake kama kipande cha nyama. Niliitunza hasira yangu vizuri. Niliilisha, niliifunika isipate baridi.

Mahubiri ya mfuniko yalipata sifa. Watu waliyasimulia kantini. Ikatangazwa kwamba kamati ya mahafali ingekwenda kumsikiliza tena Makambako kwenye ibada ya wazee, na ikiridhika yeye ndiye angehubiri kwenye mahafali. Kila mtu chuoni alijua kwamba mhubiri wa mahafali ndiye baadaye huombwa abaki kama mwalimu msaidizi.

Ibada ya wazee hufanyika mara chache kwa mwaka, katika kanisa lililo pembeni mwa Makambako. Wazee hukusanywa kutoka vijiji vya pande zote, hata upande wa Kichiwa. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya mnadani na ya ofisi ya kijiji, kwa hiyo mahubiri hufasiriwa kwa Kibena, sentensi kwa sentensi, na mkalimani husimama hatua moja nyuma ya mhubiri.

Upande wa Kichiwa ndiko kwetu.

Hilo mwenzi wangu hakulijua. Alikuwa amesoma kila neno la kurasa zangu, amejua gunzi na waya, amejua mama alifariki nikiwa na miaka kumi na moja, na hakuwahi hata siku moja kuniuliza natoka wapi. Alichukua kijiji kizima na hakuuliza kiko wapi.

Mkalimani wa kawaida alikuwa amekauka sauti kwa mazoezi ya kwaya. Mkuu wa taaluma akauliza darasani nani mwingine anakijua Kibena vizuri, nami nikanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Uso wake uling'aa. "Unaona?" akamwambia mwenzi wangu. "Upatanisho wenyewe ndio huu."

Siku mbili kabla ya safari mwenzi wangu alinikuta maktaba.

"Dada yangu, unaonaje? Nihubiri lile lile, au nitafute jipya?"

"Lile la mfuniko," nikasema. "Wazee watalipenda. Wengine watalia."

"Huna neno lolote moyoni?"

"Tulishaombewa, Mchungaji."

Akacheka kwa furaha, akanigusa bega. Alipoondoka nilijifuta bega hilo na ukurasa wa daftari.

Nilifanya mazoezi bafuni, maji ya moto yakiwa kwenye ndoo, mvuke umejaa. Niliyatamka mahubiri yote kwa Kibena, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila karatasi. Sikuhitaji karatasi. Nikampigia simu mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea baada ya msiba. Nilimwambia jambo moja tu: aje Makambako Jumapili, akae mbele, na waje naye wote wanaoweza kutembea.

Makambako kulikuwa na upepo wake ule usiokwisha, unaopeperusha vumbi la barabara kuu na kugonga mabati ya kanisa kama watu wanaoezeka. Ndani wazee walikuwa wamejaa, wanawake upande mmoja na mablanketi mabegani, wanaume upande mwingine na makoti ya zamani. Kamati ilikaa benchi la mbele pamoja na mkuu wa taaluma. Mama mkubwa alikuwa safu ya pili. Nyuma yake niliwaona watu ambao nikiwa mtoto niliokota nao kuni, sasa wameanza kuota mvi, wamewaleta wazazi wao. Nikawasalimu, "Kamwene," na kanisa zima likaitikia. Mwenzi wangu akaninong'oneza, "Wanakupenda hawa."

"Ni watu wakarimu," nikajibu.

Akaanza. Nilifasiri kwa uaminifu, hatua moja nyuma, macho chini. Nilipofika kwenye mlango na mwiko, niliona vichwa vya wanawake vikinyanyuka. Alipotaja gunzi lililofungwa kwa waya, bibi mmoja akamshika mwenzake mkono. Walikuwa hawamtazami yeye. Walikuwa wananitazama mimi.

Ndipo nikaongeza mwendo.

Mwanzoni ilikuwa nusu ya sentensi tu. Alipofungua mdomo kusema kwamba mdogo wetu alikuwa mwoga wa fisi, mimi nilikuwa nimeshasema, na wazee wakacheka. Yeye akasubiri kicheko kiishe, akasema habari ya fisi kwa Kiswahili, na hakuna aliyecheka, maana walikuwa wamemaliza. Akakunja uso kidogo. Akaendelea. Nikamtangulia tena. Alipovuta pumzi kwa ajili ya sentensi ya Mungu na ukungu, kanisa lilikuwa limeshaguna "eeh" na kutulia, na akabaki ameshikilia pumzi yake kama mtu aliyebeba ndoo akakuta pipa limejaa.

"Polepole, dada," akanong'ona, kipaza sauti kikiwa karibu. Watu wote walisikia.

"Samahani, Mchungaji. Endelea."

Akaruka aya nzima. Mimi sikuiruka. Akageuka kunitazama, na hapo ndipo nilipoona kwamba ameelewa. Jasho lilimtoka juu ya kola. Nisifiche: ulikuwa uso mtamu kuliko nyuso zote nilizowahi kuziona.

Akajaribu kujiokoa kwa kile alichokuwa anakifanya vizuri chuoni. Akainua mkono, akagonga mimbari kwa kifundo cha kidole: ko-ko-ko-ko-ko-ko, haraka haraka, kama mtu anayebisha mlango wa choo. "Hivi ndivyo mama alivyokuwa anagonga!"

Wanawake wakatikisa vichwa. Kuna jambo ambalo sikuliandika kwenye zile kurasa nane. Nililiacha nje kwa sababu lilikuwa la ndani mno. Mama hakugonga mfululizo. Aligonga mara tatu, akanyamaza. Alinyamaza ili asikie. Katika ukimya ule kila mtoto alijibu kutoka alipo, kwa Kibena, kwamba yupo na anakuja, na watoto wa majirani nao wakajibu, maana hapakuwa na mama mwingine aliyegonga.

Nikasogea mbele hatua ile moja. Nikagonga mimbari mara tatu. Nikanyamaza.

Upepo ulikuwa unahangaika juu ya bati. Kisha mama mkubwa akajibu kutoka safu ya pili, kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo sikujua bado anayo. Akafuata mwanamume mwenye mvi karibu na dirisha. Kisha mwingine. Kisha upande wote wa nyuma. Watu wazima walijibu ukungu wa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake.

Mwenzi wangu alikunja karatasi zake. Nilimaliza mahubiri peke yangu, kwa Kibena tu, mpaka jioni ile ambayo ukungu ulishuka na hakuna aliyegonga, na mama mkubwa akachukua mfuniko. Hakuna aliyenifasiria. Kamati ikamwangalia mkuu wa taaluma ili aeleze kinachoendelea. Mkuu wa taaluma alikuwa anatazama viatu vyake.

Baadaye walitupa chai na viazi vya kuchemsha uani. Mama mkubwa alimfuata mwenzi wangu na kikombe.

"Karibu chai, Mchungaji. Kumbe na wewe ni mtoto wa mdogo wangu! Mbona msibani hatukukuona?"

"Labda alipotea kwenye ukungu," bibi mwingine akadakia, na kundi zima likaangua kicheko.

"Mnanichanganya, mama zangu."

"Hatukuchanganyi, baba. Tunakutafuta kwenye ukoo. Ulizaliwa kabla ya huyu, au ulimfuata?"

Alimeza chai ya moto yote kwa mkupuo mmoja. Ilimuunguza, niliona.

Kabla hatujaondoka mama mkubwa alinipa kitu kilichofungwa kwenye kanga. Nilijua ni nini kabla sijakishika. "Kaa nao wewe," akasema. "Huku nje kuna watu wanaookota hata mifuniko."

Tulikuwa kwenye gari, tunakaribia Njombe. Mkuu wa taaluma, aliyekaa mbele, akasema bila kugeuka: "Binti yangu, nilikuambia ukiwa na ushahidi uniletee."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ofisini. Nilikuwa na maana uniletee ofisini." Gari likapita mashamba mawili matatu ya chai. "Lakini nimeupokea."

Jumatatu, wenzetu wakiwa na majembe nyuma ya maktaba, kamati ilikaa. Mwenzi wangu aliambiwa kwamba matokeo yake ya somo la mahubiri yanazuiwa mpaka aandike mahubiri mengine na kuomba radhi mbele ya darasa. Mimi niliitwa baada yake. Mkuu wa taaluma alianza kusema kwamba nafasi ya mhubiri wa mahafali sasa iko wazi, na kama ningekuwa tayari, nikasema niko tayari. Nilikuwa nimeshazoea kumaliza sentensi za watu.

Nikaenda ofisini kwangu kuandika matangazo. Chini ya "Mhubiri" nikaandika jina langu. Nikaliweka kwa herufi nene. Nikaona haitoshi, nikaongeza ukubwa.

"Umefurahi?" aliniuliza dada wa Iwawa alipoiona karatasi.

"Ndiyo."

"Kweli kabisa?"

"Kabisa."

"Basi angalau utubu kidogo."

"Nikimaliza kufurahi."

Akabandika tangazo ukutani, akanyoosha pembe zake kwa kidole gumba.

Alhamisi mchana ukungu ulishuka tena, mapema kuliko kawaida. Nilikuwa kwenye ile ofisi ya matangazo, mfuniko ukiwa mezani juu ya karatasi kuzizuia zisipeperuke, mlango ulipogongwa. Akaingia. Alikuwa hana kola yake ya uchungaji. Akatoa kurasa nane kutoka kwenye mfuko wa plastiki, akaziweka mbele yangu.

"Hazikupotea kwenye basi," akasema.

"Najua."

Nikazifungua. Pembeni mwa mwandiko wangu kulikuwa na mwandiko wake wa penseli, mdogo, nadhifu. *Sauti ishuke. Nyamaza hapa. Tazama akina mama.* Na kwenye ukurasa wa mwisho, kando ya mstari ambao mama yangu anafariki, neno moja: *machozi.*

Nililisoma mara mbili. Kama kulikuwa na kitu ndani yangu kilichoanza kulegea wiki ile, kilikaza tena hapo hapo.

"Mama anakuja kwenye mahafali Jumamosi," akasema. "Amewaambia watu wote wa kanisani kwetu kwamba mwanawe atahubiri. Nimeshamwambia kwamba mpango umebadilika. Hilo si neno." Alikuwa anatazama mfuniko, gunzi lake, waya wake. Nadhani hakuwahi kuamini kwamba ni kitu kinachoshikika. "Naomba jambo moja tu, dada. Asijue kwamba nilimzika."

Kwa muda wote niliomfahamu, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyomsikia akisema ambayo ilikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa nzuri. Ningependa kuwa nimeiandika mimi.

"Utamwambia wewe," nikasema. "Kabla ya ibada. Ana haki ya kujua alifariki lini."

"Ni mzee. Ana moyo dhaifu."

"Anakutumia ndizi na kukuandikia ule vizuri. Moyo wake hauna tatizo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na unajua ninavyoweza kufasiri."

"Nimekuomba kama ndugu."

"Mchungaji, ndugu zangu nawajua. Uliwasikia wote Jumapili wakijibu."

Labda alitaka tuombe. Niliona mikono yake ikianza kukutana kwa mazoea, nikaivuta miwili yangu, nikaiweka chini ya meza. Akageuka, akatoka, akaacha mlango wazi.

Ukungu uliingia chumbani kabla hajamaliza ngazi. Baada ya hatua nne tano sikumwona tena. Nilisikia viatu vyake kwenye njia ya mawe, kisha kwenye nyasi, kisha vikasimama. Alikuwa amepotea njia, hapo hapo, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Hakuita. Alisimama tu, kama mtu anayesikiliza.

Mfuniko ulikuwa mezani. Mkono wangu ulikuwa umerudi juu yake. Nilisikia baridi yake kwenye kiganja. Ingetosha kugonga mara tatu.

Nikanyanyuka, nikaufunga mlango nyuma yake.